Mitego ya bendera kwenye barafu: abadilishe uzi, kifuniko au mtego wenyewe?

Mwana_Himbi (Goma)
Ndugu zangu wavuvi, habari za jioni. Nina mdogo wangu Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Kipindi cha baridi anavua na wenzake juu ya ziwa lililoganda, Sabattus Pond. Wanatoboa barafu na kusimika mtego wenye kibendera. Samaki akivuta chambo, bendera inaruka, wewe uliyekaa kando na chai yako unakimbia. Sheria ya Maine inamruhusu mtu mmoja hadi mishipi mitano, ndiyo maana hakuna anayeishika mkononi.

Shida ni kwamba mshipi unaganda. Anafika bendera imepanda, anakuta tundu limeziba na uzi umekamatwa kama msumari ndani ya simenti. Samaki alishatema zamani.

Pesa yake inatosha jambo moja tu. Anaweza kuutoa uzi wake wa kusuka na kuweka ule uliovikwa plastiki, au anunue vifuniko vya mviringo vya kuziba tundu, au aachane na mitego aliyo nayo atafute ile ambayo bobini yake, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, inakaa chini ya maji. Mimi ni mtu wa kuvua sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, usiku kwa taa; barafu naiona kwa mbali tu, mlima Karisimbi ukiamka mweupe. Mnamshauri nini?

Kituku_Usiku (Goma)
Mukubwa, apake uzi mafuta ya mawese, maji haitaingia. Ao glycerine ile ya kupaka ngozi, ile haigandaka ata kwa baridi kali.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Kituku, mawese? Hapa Bukavu kwenyewe, mwezi wa saba, asubuhi chupa inakataa kumwagika mpaka uiweke karibu na mbabula. Kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri yatakuwa magumu kabla mtu hajafika ziwani. Glycerine kweli haigandi upesi, lakini ni nzito kuliko maji na inachanganyika nayo. Ukiitia tunduni inashuka na kupotea, umelisha ziwa bure. Na asije mtu akamshauri antigel ya gari (ya kuzuia maji ya injini yasigande), ile ni sumu.

Mwana_Himbi, kabla ya kununua chochote, muulize mdogo wako uzi unagandia wapi hasa. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi joto 4, kwa hiyo yale ya baridi zaidi hubaki juu, na barafu huanzia juu. Chini yake maji yako kati ya 0 na 4, bado ni maji. Mshipi uliozama hauna tatizo. Unaganda pale mdomoni mwa tundu, maji yanapokutana na upepo, au unaganda juu ya barafu baada ya kuvutwa ukiwa umelowa. Hayo ni magonjwa mawili na kila moja lina dawa yake.

Ex_Katindo (Saguenay, Québec)
Mwalimu amemaliza nusu ya kazi. Hapa kwetu kwenye fjord, mkono mrefu wa bahari kati ya milima, watu wengi wanavua ndani ya vibanda vyenye jiko la kuni, na humo hakuna uzi unaoganda. Lakini nje, na zile brimbale (mitego) za zamani ambazo uzi unaning'inia kutoka kwenye fimbo, ni mateso matupu. Uzi unapita hewani, unapita mdomoni mwa tundu, kila tone linashika.

Bobini ikiwa chini ya maji, hakuna uzi unaopita hewani. Kinachopita kwenye mdomo wa tundu ni mti wa mtego tu. Tundu likifunga, unagonga barafu kando ya mti, unatoa, na muda wote huo samaki amekuwa akivuta uzi bila kuhisi uzito. Hapo ndipo siri ilipo: broshe, yule samaki mwenye meno makali anayeitwa pike kwa Kiingereza, akihisi kitu kinamshika, anaacha. Kwangu huo ndio ununuzi wa kwanza, uzi wa plastiki ni wa mwisho.

Akinunua, aangalie kile kijiti kinachozunguka ndani ya bomba na kuachia bendera. Lile bomba liwe na grisi isiyokazana kwenye baridi, la sivyo maji yanaingia, yanaganda, na bendera hairuki hata akija mamba.

Fundi_Birere (Goma)
Dada, unamtoa pesa nyingi. Achukue frigoliti, ile povu nyeupe nyepesi ya kwenye boksi la televisheni, aikate duara kubwa kuliko tundu, aipasue kutoka ukingoni mpaka katikati ili iingie na kutoka haraka bila kugusa mti. Juu apake rangi nyeusi ivute jua, pembeni arundike theluji, maana theluji imejaa hewa na inazuia baridi. Gharama ni kisu tu.

Ex_Katindo
Wazo la kufunika nalikubali mia kwa mia, hata mwenye bobini chini anafunika. Ila frigoliti inameguka, upepo ukiichukua unaikuta ng'ambo ya ziwa kwa vipande. Afadhali kipande cha godoro jembamba la kambi, linapasuliwa vilevile.

Mwana_Himbi
Nimempigia. Anasema mitego yake bobini iko juu, na mara nyingi uzi unashikwa pale pale tunduni. Wakati mwingine unaganda baada ya kutoa samaki, unakuwa donge.

Ex_Katindo
Basi bobini chini, na kifuniko atengeneze mwenyewe. Dawa ya donge lile ni mkono, si duka. Uzi wa kusuka unafyonza maji, na kwenye theluji unaokota kila kitu. Asiuache chini. Aukusanye kwenye ndoo au juu ya kipande cha turubai, na wakati wa kuurudisha aupitishe kwenye kitambaa ndani ya glovu, kisha majini upesi. Uliovikwa plastiki unafyonza kidogo, atauweka siku huu wa sasa utakapochakaa. Uzi wa nailoni wa kawaida haufyonzi, lakini kwenye baridi unakakamaa na kubaki na mikunjo, na mkononi unakata. Huo autumie kwa kipande cha mwisho tu, mita moja au zaidi kabla ya ndoana. Na kwa vile Sabattus kuna broshe, aongeze waya wa chuma, yale meno hayachezi.

Kituku_Usiku
Na ile barafu inabeba mutu kweli?

Ex_Katindo
Sentimita 10 za barafu safi, ngumu, kwa mtu anayetembea kwa miguu. Ile nyeupe yenye theluji ndani ni dhaifu, inahitaji unene mara mbili. Apime kila anaposogea, hasa karibu na mito inayoingia.

Mwana_Himbi
Aksanti dada, aksanti mwalimu. Ataanza na mitego miwili ya bobini chini, ile ya zamani aifunike godoro.

Kituku_Usiku
Ile broshe inaendana na fufu?

Ex_Katindo
Sana, ila ina mifupa midogo yenye panda katikati ya nyama. Mwambie akate minofu juu ya mstari wa ile mifupa, ama aichanje karibukaribu na kukaanga kwenye mafuta mengi.