Acheni kumfanya Giannakis msindikizaji wa Gallis!

Wakuu, nimechoka. Kila mjadala wa mpira wa kikapu wa Ugiriki ukifunguliwa ni Nikos Gallis, mfungaji wao mkubwa wa miaka ya 1980, kisha Giannis Antetokounmpo wa NBA, basi. Ikiguswa 2006, Ugiriki ilipoifunga Marekani kwenye Kombe la Dunia, anatokea mtu anaandika kwamba Wagiriki walibahatika siku hiyo. Panagiotis Giannakis hatajwi kabisa, au anatajwa kama jamaa aliyekuwa kazi yake kumpelekea Gallis mipira. Huu ni uvivu wa kusoma, na unamdhulumu mtu aliyeichezea timu ya taifa mechi 351 na kuifungia pointi 5,301.

Gallis simshushi. Fainali ya Ulaya ya mataifa 1987 pale Piraeus, Ugiriki ikiifunga Umoja wa Kisovyeti 103-101 katika muda wa ziada, alifunga 40. Lakini nahodha wa kikosi kile alikuwa Giannakis. Wakiwa pamoja klabu ya Aris walitwaa ligi ya Ugiriki mara 7 mfululizo, 1985 hadi 1991, na bado hawakubeba kombe lolote la Ulaya. Mwaka 1992 Gallis akahamia klabu ya Panathinaikos. Machi 1993 Aris ikiwa na Giannakis, bila Gallis, ikaifunga Efes Pilsen ya Uturuki 50-48 mjini Turin na kuchukua kombe la Ulaya la klabu, lile la daraja la pili. Msindikizaji gani huyo? Gallis alistaafu bila kombe la Ulaya la klabu. Giannakis akaongeza la pili 1996, Panathinaikos 67-66 Barcelona, Paris. Najua mtaleta ile klipu ya mpira ukimponyoka sekunde za mwisho hadi Vranković, senta wa Panathinaikos, akaokoa kwa kuzuia mtupo wa Barcelona. Ni kweli ulimponyoka. Alikuwa na miaka 37 na bado ndiye aliyekabidhiwa mpira mechi ikiwa inaamuliwa.

Sasa ukocha, maana hapa ndipo upotoshaji unapozidi. Alistaafu kucheza 1996, na 1998 tayari alikuwa ameiongoza Ugiriki hadi nafasi ya 4 ya dunia. Akarudi timu ya taifa 2004. Belgrade 2005, nusu fainali ya Ulaya na Ufaransa, yuko nyuma kwa pointi 7 dakika ya mwisho, anashinda 67-66 kwa mtupo wa pointi tatu wa Diamantidis. Fainali akaifunga Ujerumani ya Nowitzki 78-62. Nahodha bingwa 1987, kocha bingwa 2005.

Saitama 2006, nusu fainali ya dunia: Ugiriki 101, Marekani 95. Marekani ina LeBron, Wade, Carmelo, Bosh, Howard. Ugiriki haina hata mchezaji mmoja aliyetoka kucheza NBA msimu ule. Beki wao Zisis yuko nje, kaumizwa na kiwiko cha Varejão wa Brazil kwenye mechi ya awali. Robo ya pili Marekani inaongoza 33-21. Bahati haifuti pengo la pointi 12 na kukupeleka mapumziko ukiwa mbele 45-41!

Kilichofanyika ni hiki. Senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, anapanda juu kumwekea beki Papaloukas au Spanoulis skrini, yaani anasimama kumzuia njia anayemkaba, kisha anageuka na kukimbilia kikapu. Mabeki wa Marekani walinasa kwenye skrini, na warefu wao hawakuwa wameelewana: wamfuate mwenye mpira au wabaki na senta? Wakimfuata mwenye mpira, pasi inamkuta senta Schortsanitis chini ya kikapu, na mwili ule nani ausukume? Wakibaki na senta, Spanoulis anaingia mwenyewe. Wakikimbilia ndani wote, mtupaji Kakiouzis yuko huru nje. Kocha wa Marekani, Mike Krzyzewski, hakupata dawa, Giannakis akairudia seti ile ile, yaani mpango ule ule wa kushambulia, bila aibu. Spanoulis pointi 22, Kakiouzis 15, Schortsanitis 14, Papaloukas asisti (pasi za kufungisha) 12. Ugiriki ilitia zaidi ya asilimia 60 ya mitupo yake. Mnaosema Marekani ilijiangusha kwa kukosa fri-throo (mitupo huru ya faulo) 14 kati ya 34, ni kweli ilizikosa. Ila timu inayoruhusu asilimia 60 haina haki ya kulia na fri-throo. Baada ya mechi Krzyzewski aliwataja Wagiriki kwa namba za jezi. Hata majina hakuwa nayo.

Fainali alipigwa 70-47 na Hispania isiyo na Pau Gasol. Hilo ni doa lake na silifuniki: mabeki wa Hispania waliiziba seti ile ile, na mpango wa pili haukuonekana. Akiwa kocha wa klabu ya Olympiacos nako alifika fainali ya Euroleague, ligi ya klabu bora za Ulaya, 2010 akafungwa na Barcelona, ligi ya Ugiriki hakuipata. Timu ya taifa ya China aliyoifundisha 2013 ilikuwa mbaya. Mkosoeni kwa hayo, tutabishana vizuri.

Kabla hujajibu, tafuta robo ya tatu ya mechi ya Saitama, ile Ugiriki iliyoshinda 32-24. Kila Ugiriki inapofunga, andika skrini iliwekwa upande gani na mrefu wa Marekani alisimama wapi. Ukimaliza, leta orodha yako hapa tuijadili.