Nimemfokea mtoto kikao kizima kikisikia. Naombeni ushauri, nyumba inanishinda

Baba Meza Moja

Wakuu, salamu kwenu. Mimi humu ni msomaji tu, ila leo maji yamenifika shingoni.

Hii ni wiki ya tisa tumefungiwa ndani kwa sababu ya corona, mwaka huu wa 2020. Ndani tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili (mmoja ana miaka 9, mwingine 4) na bi mkubwa wangu, yaani mama yangu mzazi, mwenye presha na kisukari. Yeye alikuja kutusalimia wiki mbili mwezi Machi, usafiri ukasitishwa akiwa hapahapa. Vyumba viwili, sebule na meza moja. Asubuhi meza ni ofisi yangu, mchana ni darasa la mkubwa, jioni tunalia chakula, usiku narudi tena na laptopu kwa sababu kazi ya mchana haikuisha.

Jana niko kwenye kikao cha mtandaoni, naeleza ripoti. Mdogo akaja na kiatu kimoja mkononi, anataka nimvalishe. Hatuendi popote, alitamani tu kuvaa kiatu. Nikamgeukia nikamfokea kwa sauti ambayo mwenyewe sikuwahi kuisikia. Maikrofoni ilikuwa wazi. Watu kimya. Bosi akasema "tuendelee". Mtoto akakaa chini, akakivaa mwenyewe, mguu sio wake, akashinda nacho hivyo mpaka usiku.

Usingizi sina, nalala saa nane usiku naamka kumi na moja. Mgongo unauma. Bi mkubwa amegoma kwenda kliniki, anasema huko ndiko ugonjwa ulipo. Na mke wangu tunaongea kama walinzi wanaopokezana lindo. Kazini nako mambo si mambo, ila hilo tuliache.

Wenzangu mnaishije? Ushauri naupokea leo, matusi nitayasoma kesho.

Jirani wa Juu

Pole mkuu. Hicho kiatu kimenichekesha halafu kikaniliza. Huyo bosi naye ana watoto, usimwogope sana. Mimi mwezi uliopita nimepita nyuma ya kamera ya mke wangu na taulo, na bado tunaishi.

Mama wa Watatu

Kaka, umemwomba mtoto msamaha? Usiniambie ni mdogo haelewi. Angekuwa haelewi asingevaa kiatu mwenyewe. Chuchumaa mfikie usawa wa macho umwambie "baba alikosea kukufokea, hukufanya kosa". Basi, usiongeze hotuba.

Pili, tafuta kofia. Sitanii. Hapa kwangu nikivaa kofia niko kazini, nikiivua nimerudi nyumbani. Mtoto wa miaka minne saa haijui, "nikimaliza" haijui, lakini kofia anaiona. Siku tatu za mwanzo atakuvua kichwani, vumilia. Ila na wewe uiheshimu: kila baada ya saa moja na nusu hivi ivue, umpe dakika kumi zake kamili bila simu. Akijua zamu yake inakuja hatakuja kuidai katikati ya kikao. Au atakuja, lakini mara chache.

Tatu, huyo wa miaka 9, acha kumfanyia shule ya kutwa. Wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani wako nje ya madarasa mwaka huu. Hakuna atakayeachwa nyuma peke yake. Saa mbili za masomo asubuhi zinatosha. Baada ya hapo mpe kazi ya kweli ya nyumbani, hata kumsomea bibi yake kwa sauti. Bibi amepata mwenzake, mtoto amesoma, meza imepumua.

Nesi wa Zamu

Naandika nikitoka zamu, mnisamehe nikikosea herufi.

Bi mkubwa kwanza. Hofu yake usiidharau, ina msingi. Presha na kisukari ni kati ya magonjwa yanayofanya corona ikimpata mtu imuumize zaidi. Lakini kuacha dawa kwa kuogopa corona ni kukimbia mvua na kutumbukia kisimani. Pigeni simu kliniki kabla ya kwenda. Ulizeni kama anaweza kuandikiwa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mpigo, na kama mtu mwingine anaweza kumchukulia. Sehemu nyingi wanakubali, sisi wenyewe hatutaki wazee wajazane kwenye benchi.

Kama kuna mashine ya presha, mpimeni hapo nyumbani, ila kwa utaratibu: akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini haijakunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nimeona watu wanampima mama akiwa anagombana na mjukuu, halafu wananipigia eti presha imepanda. Andikeni namba na tarehe kwenye daftari, simu ya kliniki ikiuliza mna jibu.

Kuna mambo hayasubiri amri ya kutotoka nje iishe: kifua kubana, pumzi kukata, uso kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kuvurugika mdomoni. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Wewe sasa. Usihangaike na saa ya kulala, shika saa ya kuamka. Amka muda uleule kila siku hata kama umelala vibaya, ukae dirishani au nje penye mwanga wa asubuhi. Mwanga ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha, na usiku usingizi unakuja kwa wakati wake. Itachukua siku kadhaa. Laptopu isivuke mlango wa chumba cha kulala.

Mgongo unataka mwendo kuliko unavyotaka dawa. Kwa mtu mzima Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano, na hata hiyo nusu saa unaweza kuikata vipande. Simu zote zisizohitaji kamera ongea ukitembea ukumbini. Bi mkubwa naye asikae kwenye kochi kutwa: ashike kiti, asimame na kukaa mara kumi, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu.

Mzee wa Hoja

Vijana mnalisema neno karantini kama limezaliwa mwaka huu. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, unaoitwa Dubrovnik leo, huko Kroatia, uliamuru wageni kutoka penye tauni wakae kando siku 30. Baadaye zikawa 40, na jina lenyewe limetoka kwenye hiyo arobaini ya Kiitaliano. Nakwambia haya kwa sababu moja. Wale mabaharia walikuwa wanahesabu. Siku ya arobaini wanashuka. Wewe tangu Machi 11, 2020, lilipotangazwa janga la dunia, unahesabu kwenda mbele tu, hujui unaishia wapi, na hicho ndicho kinachokumaliza. Usiingoje tarehe ya serikali. Jiwekee wiki. Jumamosi jioni laptopu ifungwe kabatini, kila mtu aseme wiki imeisha, hata kama ijayo inafanana nayo.

Na taarifa ya habari iwe mara moja kwa siku. Idadi ya wagonjwa haipungui kwa wewe kuitazama kila saa.

Sina Subira

Wote mmeruka. "Kazini mambo si mambo, ila hilo tuliache." Mkuu, huko kazini kuna nini?

Baba Meza Moja

@Sina Subira umenikamata. Mshahara umekatwa nusu tangu Aprili. Mke wangu hajui. Usiku nafanya kazi ili wakija kupunguza watu nisiwe wa kwanza. Pengo nalifukia na akiba, imebaki ya mwezi mmoja.

Dada Mkweli

Wifi yangu anajua kuna kitu, kaka. Huwezi kulala saa nane wiki sita mfululizo mtu wa kitanda kimoja asijue. Asichojua ni kitu gani, na kichwa cha mwanamke asiyeambiwa hakiendi kwenye mshahara, kinaenda kwa mwanamke mwenzake.

Mwambie leo, watoto wakilala, sio ukiwa umelala chali gizani. Kaeni na karatasi. Juu andikeni vitu vitatu visivyoguswa: kodi, dawa za mama, chakula. Mengine yote chini, yaanze kufutwa, naye ashike kalamu. Mwenye nyumba mtafuteni kabla ya tarehe ya kodi. Anayekuja mapema na nusu husikilizwa kuliko anayejificha na sifuri.

Mzee wa Hoja

Naunga mkono, ila bi mkubwa asiambiwe yote. Ana presha.

Nesi wa Zamu

Mzee, nakupinga. Anaishi ndani ya nyumba hiyo, minong'ono ndiyo itakayompandisha. Aambiwe kwa kifupi.

Na kwa anayesoma hapa kimya kimya huku amefungiwa na mtu anayempiga: wewe ushauri wa kofia na karatasi haukuhusu. Amri ya kutotoka nje haikuzuii kukimbilia usalama. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kubalianeni neno moja ukilituma ajue ni dharura.

Baba Meza Moja

Mrejesho, siku nne baadaye.

Nimemwambia. Alikuwa anajua. Aliona ujumbe wa benki kwenye simu yangu wiki tatu zilizopita, akawa ananingoja niseme. Pesa hakuipigia kelele kabisa, alichokasirikia ni hizo wiki tatu, na siku mbili hakunisemesha. Jana usiku kaja na karatasi yake mwenyewe, kumbe alishaipiga hesabu peke yake. Inanizidi yangu kwa mbali.

Kliniki wameandika dawa za miezi miwili, mke wangu kazifuata yeye. Bi mkubwa tumemwambia kwa kifupi, akasema "mimi nilijua", kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inanifichia siri yangu. Usingizi, nimeweza kulala saa tano usiku, mara moja tu. Mgongo bado.

Mdogo nimemwomba msamaha. Kofia imefanya kazi siku moja tu. Leo kaivaa yeye, kanifukuza mezani, anasema yuko kikaoni. Haya naandika kwa simu nikiwa sakafuni.