Tumepigwa elfu 45 kwenye semina ya "shimo jeusi", na mtoto hataki tena kulala kwake

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la elimu, maana kilichofanyika Jumapili hakikuwa elimu.

Niliwapeleka wanangu wawili kwenye ukumbi mmoja hapa Sinza. Tangazo lilizunguka kwenye grupu la wazazi: semina ya sayansi ya anga, kiingilio elfu 15 kwa kichwa. Na mimi nikalipa, piga hesabu mwenyewe. Feni mbili, watu wamejaa hadi mlangoni. Joto silalamikii, Dar ni Dar.

Namlalamikia mtoa mada. Kaweka ukutani ile picha ya duara la rangi ya chungwa lenye giza katikati, akasema hili ndilo shimo jeusi, linafyonza kila kitu kama mashine ya vakyumu, liko njiani linakuja, na wakubwa wanajua ila wanatuficha. Binti yangu, darasa la sita, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama linafyonza kila kitu, mbona sisi bado tupo?" Akaambiwa akae, maswali mwishoni. Mwishoni kikaanza kuuzwa kijitabu cha fotokopi, elfu 10. Maswali tukaondoka nayo.

Sasa mdogo wake wa darasa la pili kahamia kitandani kwetu. Juzi saa nane usiku ananiuliza kama limeshafika Kibaha.

Mimi ni fundi AC. Form six nilichukua PCM, nikaishia hapo, siyo profesa. Lakini vakyumu pampu naishika kila siku, na kwa taarifa yake hata yenyewe haivuti kitu: inatoa hewa upande mmoja, halafu hewa ya upande wa pili inajisukuma yenyewe. Huko angani hakuna hewa ya kusukuma chochote. Huyu bwana hajui shimo jeusi, na vakyumu hajui vilevile!

Ngoja nieleze alichopaswa kueleza kwa zile elfu 45.

Ukirusha jiwe juu, linarudi. Ukitaka liondoke duniani moja kwa moja lisirudi, achana na upinzani wa hewa, ulirushe kwa kasi ya kilomita 11 na ushee kwa sekunde. Ukiwa juu ya uso wa Jua utahitaji kilomita 618. Sasa chukua Jua lote, lenye upana wa kilomita kama 1,400,000, ulishindilie mpaka upana ubaki kilomita 6. Bodaboda angekudai buku tatu kukuvusha. Hapo kasi ya kutorokea inafika ya mwanga wenyewe, kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kinachouzidi mwanga mbio. Ukishavuka ukingo wa hizo kilomita 6 kwenda ndani, hutoki. Ndiyo shimo jeusi hilo. Dunia yetu ingebidi ishindiliwe iwe kama goroli. Kwa hiyo hata hilo jina linapotosha: si tundu, ni mzigo mzito uliobanwa mahali padogo. Hesabu zake alizichapisha Mjerumani Karl Schwarzschild mwaka 1916, akiwa jeshini katikati ya vita.

Na hapa ndipo swali la binti yangu lilipotakiwa kujibiwa. Uzito ni uleule! Jua likigeuka shimo jeusi leo mchana, Dunia itaendelea kulizunguka kwenye njia ileile, siku 365 zilezile. Tutakufa kwa baridi na giza, sawa, lakini kufyonzwa hakuna. Hatari ni kulisogelea. Ukikaribia sana, miguu inavutwa kwa nguvu kuliko kichwa, unarefushwa kama tambi. Ukikaa mbali, ni mzigo kama mzigo mwingine.

Tena siyo nadharia. Katikati ya galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambalo Jua letu limo, lipo moja, Sagittarius A*, uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Kuna nyota inaitwa S2 inalizunguka kila baada ya miaka 16, inapita karibu, inaondoka zake. Kwa kufuatilia nyota kama hizo kwa miaka mingi, Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata Nobel mwaka 2020, pamoja na Roger Penrose aliyeonyesha kwa hesabu kwamba mashimo haya yanaweza kutokea. Lile la karibu kuliko yote tunayoyajua, Gaia BH1, liko umbali wa miaka nuru kama 1,560 (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima), na kuna nyota inayofanana na Jua letu inalizunguka kila siku 186 hivi. Haijamezwa. Kibaha iko salama, mwanangu.

Ile picha nayo, iliyotolewa Aprili 2019, ni ya shimo lililo kwenye galaksi ya M87, umbali wa miaka nuru milioni 55. Mawimbi yaliyoitengeneza yalitoka huko kabla binadamu hajakuwepo. Yalinaswa kwa darubini za redio za Chile, Hawaii, Hispania mpaka Mexico, zikaunganishwa kama darubini moja. Rangi ya chungwa waliipaka wao, maana mawimbi ya redio hayana rangi. Mtoa mada akaligeuza basi la mwendokasi linalokaribia kituo.

Nimewapigia waandaaji mara tatu. Mara ya tatu dada mmoja akanijibu, "Baba, ile ilikuwa ya kuchangamsha watoto." Hela hairudi.

Hela wabaki nayo. Ninachotaka ni huyo mtoa mada aingie kwenye lile grupu la wazazi, aandike kwamba alikosea, na ajibu swali la binti yangu kwa maandishi. Tangu jana nimemtumia ujumbe, tiki mbili za bluu, kimya. Kama kuna mzazi mwingine aliyekuwa ukumbini, ajitokeze hapa chini, Jumamosi twende ofisini kwao pamoja.