Tupeane uzoefu: Unapangaje maandishi yako hadi msomaji aelewe bila kukupigia simu?

Katibu wa Korosho
Wakuu, habari za leo. Mimi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya korosho huku Mtwara. Nusu ya kazi yangu ni mizani na vitabu, nusu ni kuandika: matangazo ya ubaoni, barua za chama kikuu, mihtasari ya vikao, ujumbe wa simu kwa wanachama. Nimeona kwa macho yangu kwamba maandishi yakipangwa vizuri, ugomvi unapungua.

Korosho zetu zinauzwa mnadani kupitia stakabadhi ghalani: mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa. Mfumo huu ulianza kwenye zao hili mwaka 2007. Mnada ukiisha, bei inatangazwa na mkulima anaisikia. Lakini anacholipwa ni pungufu ya hicho, kwa sababu kuna makato: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, chama cha msingi, chama kikuu. Tangazo nililolikuta ofisini lilianza na namba ya mnada, jina la ghala, tani zilizouzwa na kampuni zilizonunua, kisha jedwali la makato. Fedha ya mkulima ilikaa mstari wa mwisho, pembeni chini. Mzee anafika ubaoni, anaona bei ya juu, anaondoka nayo kichwani. Siku ya malipo anajiona ameibiwa.

Kabla ya kulibadilisha nilikaa na wakulima nje ya ghala nikawauliza: ukifika ubaoni unataka kujua nini? Wakanijibu karibu wote kitu kimoja: nitapata shilingi ngapi kwa kilo, lini, na kwa nini si ile bei niliyoisikia. Basi nikafuata mpangilio huohuo. Mstari wa kwanza unasema mkulima wa daraja la kwanza atalipwa kiasi gani baada ya makato, na wa daraja la pili kiasi gani. Wa pili, fedha zitaingia benki kuanzia tarehe ipi. Kisha bei ya mnada, na kila kato kwenye mstari wake pamoja na sababu yake. Namba ya mnada na tani zimeshuka chini kabisa, maana anayezihitaji ni mkaguzi, naye anajua kuzitafuta.

Siku hizi mtu akija siku ya malipo anauliza kuhusu kato fulani, tena kwa jina lake. Ninyi wenzangu mnafanyaje? Nataka kusikia mambo mliyoyafanya wenyewe.

Mzee wa Masjala
Katibu, umegusa penyewe. Nimestaafu utumishi wa umma, miaka mingi masjala, yaani ofisi ya kutunza mafaili, kisha utawala. Mafaili niliyoyapitisha mikononi ni mengi sana, na naweza kukwambia barua zinazojibiwa haraka zinafanana.

Ya kwanza ni ule mstari wa "Yah:". Wengi wanaandika "YAH: MAOMBI". Maombi ya nini? Karani wa masjala anatumia mstari huo kuamua barua iingie jalada gani, na mkuu anautumia kuamua aisome sasa au kesho. Andika "YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUTUMIA UWANJA WA SHULE TAREHE 14 JUNI". Hapo hata asiyefungua barua ameshajua.

Ya pili, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Sentensi hii haina kazi. Kama unajibu barua, taja barua hiyo kwa Kumb. Na. na tarehe yake. Kama hujibu barua, ingia kwenye ombi lako.

Mkuu wangu wa kwanza wa idara alikuwa mkali kwenye dokezo sabili, ile karatasi ya ndani ya ofisi ya kuomba uamuzi wa mkuu. Ukimpelekea kurasa mbili za historia, linarudi na wino mwekundu: "Unataka nifanye nini?" Hakuandika zaidi ya hapo. Tukajifunza kuweka ombi aya ya kwanza: naomba idhini ya kiasi fulani kwa kazi fulani ifikapo tarehe fulani. Aya zinazofuata, zenye namba, zinaeleza sababu, kanuni inayoruhusu na fungu la fedha. Mkuu mwenye mafaili mezani hadi jioni anasoma aya ya kwanza, anaruka kwenye fungu, anasaini. Historia ipo pale kwa ajili ya atakayetaka kuhakiki.

Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee. Huo wino mwekundu uje na huku wodini!

Sisi tuna mpangilio wa kukabidhiana wagonjwa unaoitwa SBAR. Ulitoka kwenye manowari za nyuklia za Jeshi la Majini la Marekani, halafu wataalamu wa Kaiser Permanente, shirika la afya la hukohuko Marekani, wakauingiza hospitalini. Una hatua nne: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yangu, ninachoomba. Nimeuzoea kiasi kwamba hata kumwandikia fundi wa jenereta nautumia. "Jenereta la wodi ya wazazi haliwaki tangu saa 3 asubuhi. Lilifanyiwa matengenezo mwezi uliopita. Nadhani ni betri. Naomba uje leo kabla ya giza, tuna mama anayesubiri upasuaji." Ujumbe wa namna hiyo haupuuzwi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni bahasha ya dawa. Tunaandika "2x3" tukiamini kila mtu anajua. Nilikutana na mama aliyeisoma kama vidonge vitatu mara mbili kwa siku. Kwa parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima anatakiwa asizidishe vidonge viwili kwa mara moja, yaani miligramu 1,000. Vitatu vimeshapita. Tangu siku hiyo naandika kwa maneno: "Vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku, kwa siku tatu." Bahasha ni ndogo, ndiyo, lakini maneno hayo yanatosha. Kisha namwomba mgonjwa anisomee yeye, mimi nasikiliza. Akikwama, tatizo liko kwenye maandishi yangu na nayarekebisha hapohapo.

Mwanachuo Iringa
Mimi kupanga kwenye karatasi kunanishinda, akili inaganda. Ninachofanya ni kujirekodi kwenye simu kwanza, kama namweleza dada yangu ambaye hajui chochote kuhusu somo langu. Nikisikiliza, nasikia kabisa pale niliposema "yaani ninachotaka kusema ni kwamba..." Kinachofuata baada ya maneno hayo ndicho hoja yangu. Nakiandika juu kabisa, mengine yanapangika chini yake.

Swali kwa wakubwa: salamu ndefu za nini? Mimi kwenye ujumbe wa kazi nazifuta zote. Moja kwa moja kwenye jambo.

Binti Mvita
Kaka wa Iringa, hapo sikuungi mkono. Huku kwetu Mombasa ukimwandikia mtu mzima bila salamu, ombi lako halisomwi kwa moyo mweupe. Atakusoma, atakuelewa, na hatakujibu. Je, hapo umewasiliana?

Salamu zina nafasi yake, na nafasi hiyo ni mstari mmoja. Mimi ndiye mwandishi wa chama chetu cha akina mama, na pia ndiye anayeandikia familia matangazo ya arusi na misiba. Utaratibu wangu ni huu: mstari wa kwanza salamu, wa pili neno lenyewe, kisha maelezo, mwisho dua au shukrani. Mtu akiangalia simu bila kufungua ujumbe, mistari miwili ya mwanzo anaiona. Ashasalimiwa na ashajua.

Kinachotusumbua sana ni saa. Ukiandika "saa 7" kwenye kundi la familia, bibi anaelewa saa saba ya mchana, vijana wa Nairobi wanaelewa saa moja ya usiku kwa kuwa simu zao zinaonyesha 7. Arusi ya binamu yangu ilikuwa na jamaa Muscat ambao walitaka kufuatilia nikah kwa video, nao wako mbele yetu kwa saa moja. Nikaandika hivi: "Nikah ni Ijumaa baada ya swala ya Isha, saa 1:45 usiku, yaani 7:45 p.m. kwenye simu. Walioko Muscat ni saa 2:45 usiku, 8:45 p.m." Mwanzo walisema narefusha. Lakini kila mtu alikuwepo, na hakuna aliyeuliza tena.

Mwanachuo Iringa
Dada, mstari mmoja wa salamu nimeukubali. Na hili la saa nalichukua kama lilivyo.

Msaidizi wa Sheria
Nawasalimu. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya 2017. Nawasaidia watu kuandika maelezo yao, hasa ya ardhi. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 na Kiswahili kupewa nafasi mahakamani, maandishi yetu yamebeba uzito mkubwa zaidi, na udhaifu wake unaonekana zaidi.

Angalieni sentensi hii: "Juma alimwambia Hamisi kwamba shamba lake limeuzwa na kaka yake." Shamba la nani? Kaka wa nani? Tukizungumza, uso na mkono vinajibu. Kwenye karatasi hakuna uso. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia jina ni uvivu. Kwenye maelezo ya shauri mimi narudia bila aibu: "Juma alimwambia Hamisi kwamba shamba la Hamisi limeuzwa na Saidi, kaka yake Juma." Haipendezi masikioni, lakini mjumbe wa baraza hawezi kuisoma kwa njia mbili.

Adui wa pili ni "iliamuliwa" na "ilikubaliwa". Nani aliamua? Ukimuuliza mteja swali hilo, mara nyingi ndipo shauri lenyewe linapojitokeza.

Kuhusu kupanga: siandiki neno hadi nichore mstari mrefu wa miaka. Mtu mwenye uchungu anaanza na jana, anarudi kwenye ukoo, anaruka hadi siku ya kesi. Namwacha aseme yote, siharakishi, na kila tukio naliweka mahali pake kwenye mstari. Pengo likibaki, mfano kati ya baba kufariki na shamba kupimwa, namuuliza hapo tu. Kisha naandika kufuata mstari, tukio moja kwa sentensi moja.

Mama Tumaini
Mimi nasoma kwa sauti. Nikiishiwa pumzi katikati ya sentensi, naikata.

Katibu wa Korosho
Nawashukuru sana. Mstari wa miaka naupeleka kwenye barua yangu ya madai ya magunia. Mzee wa Masjala, nisaidie hili: muhtasari wa kikao. Wetu unafika kurasa nane, kila aliyesema ameandikwa, na kikao kinachofuata tunabishana tulikubaliana nini.

Mzee wa Masjala
Kijana wangu, mjadala ufupishe, azimio liandike kwa ukamilifu. Kila agenda iishie na azimio lenye mambo matatu: kitafanyika nini, nani atakifanya, hadi lini. "Ilikubaliwa suala la mizani lifuatiliwe" hilo si azimio, na Msaidizi wa Sheria ameshakueleza kwa nini.

Kabla mwenyekiti hajafunga agenda, msomee azimio kwa sauti mbele ya wajumbe. Wabishane palepale, wakiwa bado wamekaa, usingoje kikao kijacho. Wakikubali, usibadilishe neno ukifika ofisini. Na maazimio yote yakusanye ukurasa wa kwanza, chini ya mahudhurio. Kwa mfano:

"Azimio 4: Mhasibu ampeleke fundi wa vipimo akague mizani ya ghala dogo kabla ya tarehe 30 Septemba. Mhasibu atatoa taarifa kwenye kikao cha Oktoba."