Wakuu naombeni ushauri: mitego gani ya wadudu inafaa kwa makumbusho?

Mtunza Stoo
Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa stoo ya makumbusho ndogo, ndani kuna mchanganyiko wa kila kitu, ngoma za ngozi, vinyago, nguo za zamani, ndege na wanyama waliokaushwa, halafu chumba kimoja cha makaratasi na vitabu. Kwenye rafu ya ndege nimekuta unga unga pamoja na viganda vidogo vya kahawia vyenye vinywele vinywele, mdudu mwenyewe sijamwona. Bosi kaniambia nitafute mitego niandike oda, sasa nikiingia mtandaoni naona kuna ya gundi ya kawaida, kuna yenye feromoni, kuna mataa ya zambarau, na kila muuzaji anasema ya kwake ndo inamaliza wadudu wote. Nichukue ipi na nichukue mingapi? Bajeti yenyewe ya kuungaunga.

Piga Dawa
Unajisumbua mkuu. Pulizia dawa ya mende chumba kizima, funga mlango, habari imeisha.

Mzee wa Lensi
Hapana @Piga Dawa, hapo unamharibia mwenzio kazi. Dawa ya kupuliza inaweza kuacha madoa kwenye nguo na manyoya, na kiwavi aliyejichimbia ndani haimfikii. Tena wanyama wengi waliokaushwa zamani walipakwa sumu ya aseniki, kwa hiyo @Mtunza Stoo vaa glovu unapowashika hata kama wanaonekana wasafi, na vumbi lao usilipulize kwa mdomo.

Haya kwenye swali lako. Mtego kwenye makumbusho hauwekwi ili umalize wadudu, unawekwa ukupe taarifa, yaani nani yupo, yupo upande gani, anaongezeka au anapungua. Anayekuambia mtego utamaliza wote anakuuzia maneno. Ndo maana usichague kwa kuangalia upi unakamata wengi, chagua kulingana na swali ulilonalo. Wewe swali lako bado ni "nina nani humu ndani?", basi anza na gundi ya kawaida isiyo na harufu yoyote, ile haibagui, kila anayetambaa akipita ananasa. Chukua yenye umbo la kijumba, sio karatasi bapa iliyo wazi, kwa sababu kijumba kinazuia vumbi lisiue gundi haraka na pia kinapunguza hatari ya kitu cha mkusanyiko kugusa gundi. Kama kuna yenye sakafu nyeupe chukua hiyo, vidudu vyenyewe ni vya milimita mbili tatu, kwenye rangi ya giza utakesha.

Hivyo viganda vyako kwa maelezo ni ngozi walizojivua viwavi wa mbawakawa wale wanaokula manyoya, ngozi na sufu, jamaa wa kundi la Anthrenus au Attagenus. Kiwavi ndo mharibifu. Anthrenus akishakuwa mkubwa anatafuta mwanga na chavua za maua, kwa hiyo leo hii kabla hujanunua chochote nenda kaangalie vizingiti vya madirisha, ukikuta vimbawakawa vidogo vya mviringo vimekufa pale vina madoadoa ya kahawia na meupe, jibu umeshalipata bure.

Mtunza Stoo
Daah, nimetoka kuangalia sasa hivi. Wapo kweli, kwenye dirisha la upande wa ndege, wengi tu. Nilidhani ni mbegu. Kwa hiyo ninunue feromoni za huyo?

Dada Rafu
Subiri kidogo usikimbilie feromoni. Nafanya kazi kwenye mkusanyiko wa nguo na nazitumia mwaka mzima, kwa hiyo sizichukii, ila watu wanazielewa vibaya. Feromoni ni harufu ya jike iliyotengenezwa, inaita madume wa spishi yake, wengine hawana habari nayo. Ya nondo wa nguo, Tineola bisselliella, haitakuletea mbawakawa wa kwenye ndege wako. Ya Lasioderma serricorne, mbawakawa wa tumbaku, haimfanyii kazi Stegobium paniceum, mbawakawa wa vyakula vikavu, japo ukiwaweka pamoja unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja. Sasa ukinunua ya mdudu ambaye huna, mtego unakaa mtupu miezi na wewe unaandika kwenye ripoti kwamba stoo ni safi, kumbe pembeni hapo ndege wanaliwa.

Jingine, ikinasa inanasa madume tu, jike anabaki kwenye sketi anataga. Kwa hiyo usiseme umepunguza chochote. Faida yake ni kwamba inakushtua mapema sana wakati gundi ya kawaida bado haijaona kitu, na ukiwa na kadhaa ukalinganisha upi umekamata wengi unaanza kusogelea chanzo. Kwa wewe nashauri chache za nondo wa nguo upande wa nguo, kwa sababu huyo hapendi mwanga, dirishani humkuti. Huku kwa ndege mdudu umeshamjua, kinachotakiwa ni kujua amefika wapi, na hapo gundi ya kawaida na macho yako vinatosha.

Ukizileta: kila aina na glovu zake, maana harufu inahama kwenye vidole halafu mitego yote inanuka kila kitu. Akiba weka kwenye friji ikiwa imefungwa. Badilisha kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, nyingi ni wiki kadhaa tu. Na usiweke karibu na dirisha la wazi, utajikuta unahesabu wa nje.

Piga Dawa
Sawa nimenyoosha mikono. Ila zile taa za umeme zinazowapiga shoti je, si zinakamata kila kirukacho?

Karani wa Nyaraka
Zile ndo mbaya kuliko zote kwa stoo kama hii. Mdudu akipigwa shoti anapasuka, vipande vinaruka vinatua kwenye rafu, na viwavi wa Anthrenus wanakula hata wadudu waliokufa. Yaani unawapikia. Kama lazima taa, iwe ya aina yenye bango la gundi ndani, isionekane kutoka nje maana itaita wa nje waingie, na isimulike vitu, kwa sababu ile miale ya urujuanimno inapausha nguo na kugeuza karatasi kuwa njano. Kuna sehemu taa inasaidia kweli, mfano kwenye maghala ya mimea iliyokaushwa ambako Lasioderma anaruka ruka, ila kwa stoo ndogo mimi ningeweka hiyo hela kwenye kipima unyevu.

Nasema hivyo kwa sababu ya hicho chumba chako cha makaratasi. Humo utakamata vile vidudu vya rangi ya fedha vyenye mikia mitatu, vinakula gundi ya vitabu na uso wa karatasi, na vile vidogo kabisa vyeupe kama vumbi linalotembea. Gundi ya kawaida inawatosha wote. Ukiona vile vidogo vimejaa kwenye mtego mmoja usihangaike navyo sana, angalia ukuta wa hapo, unyevu wa hewa utakuwa umepita asilimia 60 na kuendelea, pengine kuna bomba linavuja.

Mzee wa Lensi
Naongezea, kuna wawili ambao mtego hautakuambia karibu chochote. Mchwa haji kwenye gundi, unamtafuta kwa njia zake za udongo ukutani na nyuma ya makabati. Na bungua wa vinyago anaishi ndani ya mti, kwa hiyo weka karatasi ya rangi ya giza chini ya kinyago, futa vizuri, ukirudi ukakuta unga mpya ujue kazi inaendelea ndani. Unga wa zamani unaweza kudondoka ukigusa tu kitu, ndo maana nasema futa kwanza.

Idadi: hakuna namba maalum. Chora ramani ya vyumba, weka mitego pale ukuta unapokutana na sakafu, kwenye kona, pembeni ya milango, chini ya makabati, wadudu wanaotambaa wanapenda kufuata kingo, katikati ya chumba unapoteza mtego. Ipe namba na usiihamishe hamishe, mtego uliohama takwimu zake haziungani na za mwezi uliopita. Bora kumi unayokagua kila mwezi kuliko hamsini unazosahau. Na usiache iliyojaa, wadudu waliokufa pale ni chakula cha hao hao mbawakawa.

Mtunza Stoo
Nimewaelewa sana. Sasa hao ndege nifanyeje wakati nangoja oda? Na stoo ina mijusi kafiri, itanasa?

Dada Rafu
Ndege wenye dalili watenge leo, kila mmoja mfuko wake wa plastiki, bana hewa itoke, ziba na gamu tepu, halafu friza. Friza ya nyuzi 30 chini ya sifuri siku tatu, ya kawaida ya nyuzi 18 chini ya sifuri wape wiki mbili. Ukitoa usifungue mfuko mpaka urudie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa unageuka maji juu ya manyoya. Ngoma zenye ngozi iliyowambwa usithubutu kugandisha kabla hujaongea na mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza vitu vya makumbusho, ngozi inavutika inapasuka. Vitu vyenye rangi ya kupakwa au pembe hivyo hivyo, uliza kwanza.

Mijusi ndiyo, wananasa, na inasikitisha. Chukua vijumba vyenye mdomo mwembamba, weka chini ya makabati badala ya ukutani wazi. Akinasa mtoe nje ya stoo kwanza, mtie matone ya mafuta ya kupikia kidogo kidogo, gundi inalegea anatoka.

Mtunza Stoo
Basi oda ni hii: vijumba vya gundi vya kutosha vyumba vyote, feromoni chache za nondo wa nguo, kipima unyevu, na lensi ya mkono. Taa nimefuta. Nikikamata nisiyemjua nafanyaje?

Karani wa Nyaraka
Lensi chukua ya kukuza mara 10, inatosha. Usimbandue mdudu kwenye gundi, atakatika miguu na hatatambulika tena. Funika uso wa mtego kwa plastiki angavu, upande wa nje uwe na namba ya mtego, chumba, tarehe uliyouweka na tarehe uliyoutoa, piga picha ya karibu yenye rula pembeni, halafu mtego wenyewe utie friza mpaka umpate mtu wa kuutazama.