Napiga picha sehemu moja kila Jumapili tangu Novemba, mbona hazilingani? Wapiga picha wa Mbeya naombeni msaada

Mjukuu wa Mbalizi

Wakuu habari za majukumu, niende moja kwa moja.

Nyuma ya nyumba ya mama mkubwa huku Mbalizi kuna kichuguu kikubwa, ukipanda juu yake unaona banda la ng'ombe kwa chini, halafu shamba la mahindi, mparachichi mmoja kushoto, nguzo ya umeme upande wa kulia, na nyuma kabisa Mlima Mbeya umekaa wote. Novemba iliyopita siku tunapanda nikapiga picha pale kwa simu, udongo mtupu. Wiki iliyofuata nikapiga tena mahindi yametoka vidole viwili, basi nikajisemea ngoja niendelee kila Jumapili nikitoka kanisani, saa nne hivi, mpaka mwaka uishe nitengeneze kavideo ka dakika moja watu waone shamba linaota, linakauka, linavunwa, mvua zinarudi.

Juzi nimezihamishia zote kwenye laptopu ya shemeji, zipo 33 (kuna Jumapili nilisafiri na nyingine nililala tu siwadanganyi). Nikazipanga zifuatane aisee ni aibu. Mlima unaruka kama chura, nguzo mara iko kulia mara imesogea mpaka chini ya kilele, rangi ndo usiseme, wiki hii majani ya kijani wiki ijayo yana ubluu. Machi nilibadilisha simu, na kuna wiki nilivuta zumu maana niliona mlima uko mdogo.

Naomba kujua kuna dawa au nianze upya Novemba? Halafu kati ya Januari na Machi kuna picha kama saba mlima haupo kabisa, wingu limefunika kila kitu, nizitoe? Na kingine kinachonishangaza, kuanzia Mei mlima umekuwa mweusi tii wakati anga ni safi, Desemba nilikuwa naona mpaka mikunjo yake, au ndo hii simu mpya kimeo? Tena tangu Julai paa la banda limepanda kwenye picha linaziba mahindi, na banda hatujaliongeza hata bati moja.

---

fundi lenzi

Mkuu simu yako nzima, usiisingizie. Kilichohama ni jua.

Ukiwa Mbalizi ule mlima uko kaskazini kwako. Sisi huku tuko kusini mwa ikweta karibu nyuzi 9, kwa hiyo kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Februari jua la mchana linapita upande wa kusini, yani nyuma ya mgongo wako, linaupiga mlima usoni, ndo maana Desemba unaona mikunjo. Baada ya hapo linavuka utosini linaelekea kaskazini, na Juni ndo limeenda mbali kabisa. Saa nne asubuhi ya Juni linakuangalia wewe kutokea upande wa mlima, mlima unabaki na kivuli upande wako. Toka nje mchana Juni uangalie kivuli chako kimelala upande gani, afu rudia Desemba, utaona kimegeuka. Kwa hiyo huo weusi sio kosa, ni kiangazi chenyewe hicho umekipiga.

Rangi kubadilika ni kwa sababu simu inajiamulia kila mara. Ingia kwenye kamera sehemu ya kujipangia mwenyewe, rangi ya mwanga weka alama ya jua na iache hapo mwaka mzima. Kama simu yako haina, basi gusa shamba kwenye skrini ushikilie kidole mpaka kifuli kitokee, hapo mwanga hautapanda na kushuka wakati unapiga. Usiguse anga, ukigusa anga shamba linakuwa giza. Zumu achana nayo kabisa, piga pana upate nafasi ya kukata pembeni.

Usianze upya. Chagua picha moja iliyotulia iwe mama, zile zingine ziweke juu yake moja moja huku umezifanya ziwe kama kivuli, uzisogeze mpaka kilele kikae juu ya kilele. Zile za zumu zitakusumbua, ila zipo chache kama ulivosema.

---

Mnyalukolo wa Lori

Kamwene.

Mdogo wangu mimi ni dereva, njia yangu Dar Tunduma, kamera sijui ila hiki kitu nakifanya mwaka wa nne sasa. Pale Ruaha Mbuyuni, kabla hujaanza kupanda Kitonga, kuna sehemu huwa nasimama kununua vitunguu, mbele yake kuna mbuyu mmoja mkubwa. Kila nikipita nampiga. Watu wanajua mbuyu ni ule mti mkavu wa kwenye kadi, ila ukimpiga mwaka mzima unakuta sio mti mmoja. Kiangazi hana hata jani, matawi kama mizizi iliyogeuzwa juu. Mvua zikikaribia anatoa majani na maua meupe yananing'inia, nimewahi kuyapata mara mbili tu maana yanafunguka usiku na hayakai, ukipita kesho yake yameshadondoka chini. Januari amejaa majani huoni hata mabango ya nyuma.

Sasa la kwako. Huyo fundi amesema vizuri ila kuufuata mlima peke yake haitoshi. Chukua kitu cha karibu na kitu cha mbali uvipange kama mtu anayelenga manati. Mimi tawi la chini la mbuyu linagusa ncha ya jabali la ng'ambo, lisipogusa najua nimesimama vibaya, nasogea. Kwako nguzo na kilele. Ukienda kulia hatua moja nguzo inahama, mlima hauhami, na hiyo hakuna laptopu ya shemeji wala ya nani itakurudishia.

Sasa angalia hili, kuna siku nilikuwa na haraka nikapiga nikiwa bado juu kwenye kebini ya lori, nilipoilinganisha na za chini vitu vya karibu vyote vilikuwa vimezama, vya mbali viko palepale. Wewe unasema paa la banda LIMEPANDA. Banda halijaota. Basi wewe ndo umeshuka. Kaangalie unaposimama.

---

chapati mbili

33 Jumapili anapiga picha mahindi na hajasema hata siku moja kayapalilia 😂😂 mama mkubwa ana mtihani

---

Binti Tukuyu

Kaka hizo picha saba za wingu ukizitoa mimi na wewe tutagombana.

Huku kwetu Mlima Rungwe tunauona kama mgeni, unaweza kukaa mwezi wa nne mzima unajua tu uko pale kwa sababu jana ulikuwepo. Nilianza kupiga kutokea kwa bibi, mbele chai, nyuma Rungwe, na mwanzoni nilikuwa nafanya hivohivo, mlima usipoonekana siipigi. Mwisho wa mwaka nikapanga picha, kila moja mlima upo, anga la bluu, ungesema Tukuyu ni jangwani. Bibi akaangalia akaniuliza hii ni wapi. Mwaka uliofuata nikapiga na ukungu, na mvua, na siku ambayo huoni hata mche wa chai wa tano, na ndo bibi akasema eeh, hapa ni kwangu.

Saa nne nakuunga mkono uendelee nayo. Mimi nilitaka kupiga jua likichomoza nikachoka, maana huku Novemba linatoka kama saa 12 na robo na Julai ni saa moja kamili hivi, ukiweka alamu moja mwaka mzima hupati mwanga mmoja, na Julai kwenye ile baridi kidole chenyewe hakibonyezi.

Na ukipata nafasi fanya hivi kwenye hifadhi ya Kitulo. Watu wanaenda Julai kwa sababu barabara ni kavu wanakuta nyasi za kahawia na asubuhi barafu imelala kwenye majani, wanarudi wanasema Bustani ya Mungu ni maneno tu. Wasimame palepale Januari au Februari, kwenye tope, waone maua.

Samahani nimetoka nje ya mada kidogo.

---

fundi lenzi

@Binti Tukuyu hapo kwenye wingu sawa ila kwenye video zitakuwa zinapepesa kama balbu ya umeme mdogo, angalau azisawazishe mwanga.

---

Binti Tukuyu

Asawazishe mwanga sawa, rangi asiguse. Septemba huku watu wanachoma moto mashamba anga linakuwa rangi ya chai ya maziwa, ukisafisha moshi kwenye kompyuta umeifuta Septemba yenyewe. Nakumbuka nilienda njia ya Chunya kabla ya mvua, ile miyombo inatoa majani mapya mekundu wakati hakuna hata tone, nikampa mtu picha aniprintie akaniambia dada nimekurekebishia, majani yalikuwa na wekundu. Nilitaka kulia.

---

fundi lenzi

Haya dada nimekubali, sio mimi lakini 😅

---

Mjukuu wa Mbalizi

Wakuu nimerudi, asanteni sana. Jana nimepanga nguzo na kilele kwenye zile za Novemba mpaka Februari, 11 zimekaa vizuri sikutegemea, zingine bado nahangaika nazo. Za wingu nimeziacha zote. Na kweli mchana wa jana kivuli changu kimelala kusini, sijawahi kukiangalia maisha yangu yote.

Sasa la paa. Mzee wa lori ulijuaje?? Nimeenda kwenye kichuguu na futi ya fundi. Yule jirani anayefyatua tofali kiangazi hiki alimuomba mama mkubwa udongo wa kichuguu, mama mkubwa akamwambia chukua, kwa makubaliano amletee tofali 300 za jiko. Kachonga kule juu kidogo kidogo tangu mwisho wa Juni, mimi napanda kila Jumapili naona tu pamekuwa tambarare nikasema afadhali, sitelezi. Kimepungua karibu futi tatu.

Nimemuuliza mama mkubwa mbona hukuniambia. Kasema, "Kwani wewe uliniambia unakitumia?"

---

Mnyalukolo wa Lori

😂😂😂 Banda halioti mdogo wangu. Tafuta pipa usimame juu yake, pima kwa zile picha za zamani mpaka paa lirudi lilipokuwa. Na huyo jirani muulize nyumba anaweka wapi, kama ni mbele ya mlima anza kupiga na sehemu ya pili sasa hivi, zote mbili kwa pamoja hizi wiki, ili ukihama uwe na pa kuunganishia.

---

Mjukuu wa Mbalizi

Nimemuuliza. Ni upande wa mparachichi, mlima umepona. Pipa hakuna, ila ngazi ipo, Jumapili naenda nayo. Na nimeshamwambia mama mkubwa kichuguu kilichobaki kina mwenyewe.

---

chapati mbili

na mahindi je