Binti yangu kapewa sifuri kwa kusema Wakalinago bado wapo

Wakuu, leo nina hasira na sifichi. Binti yangu yuko kidato cha pili. Kaulizwa wenyeji wa visiwa vya Karibi kabla ya Columbus walikuwa akina nani. Kataja Wataino, Walukaya na Wakalinago, kisha akaongeza kwamba Wakalinago wapo hadi leo. Sifuri! Pembeni, kwa wino mwekundu: "Wahindi Wekundu. Walitoweka wote."

Walitoweka? Kama umande? Hatuey, chifu wa Wataino aliyepigana na Wahispania, alichomwa moto akiwa hai Cuba mwaka 1512. Kule Jaragua, kwenye kisiwa cha Hispaniola (leo Haiti na Dominikana), machifu waliokuja kumpokea gavana Mhispania Ovando mwaka 1503 walifungiwa ndani ya nyumba wakateketezwa, na Anacaona, malkia wao, akanyongwa. Mtu aliyenyongwa hajatoweka, ameuawa. Andikeni hivyo!

Na hao "wote" ni akina nani? Dominica kuna eneo la Wakalinago lililotengwa rasmi mwaka 1903, wanaishi humo. Wagarifuna, wazao wa Wakalinago na Waafrika, waliong'olewa St Vincent na Waingereza mwaka 1797 wakatupwa kisiwa cha Roatán, bado wanaongea lugha yao ya ukoo wa Kiarawaki huko Honduras na Belize.

Linaloniuma zaidi ni hili la kuwafunga wote kwenye kapu moja. Mwaka 1494 Columbus alikuwa na mkalimani Mlukaya aliyeelewana vizuri na Wataino. Walipofika magharibi ya Cuba kwa Waguanahatabey, mkalimani huyo akakwama, hakuambulia kitu. Kisiwa kimoja, lugha mbili!

Halafu hilo jina "Wakaribi", walilobandikwa Wakalinago. Wahispania walilifanya liwe na maana ya wala watu, na mwaka 1503 malkia Isabella akaruhusu waliobandikwa jina hilo wakamatwe na kuuzwa. Yaani jina tu lilitosha kukupeleka utumwani. Padri Raymond Breton, Mfaransa aliyeishi nao Dominica, alichapisha kamusi ya lugha yao mwaka 1665: msingi wake ni Kiarawaki, ila wanaume walikuwa na maneno yao ya Kikaribi, lugha ya ukoo mwingine. Hata jina la lugha yao tumewakosea kwa kuiita Kikaribi, na bado tunamsahihisha mtoto!

Nyinyi mnaokula viazi mbatata, hiyo "batata" ni neno la Wataino. Tunalitamka sokoni kila siku.

Jumatatu asubuhi naenda shuleni na daftari lake. Alama zake zirudishwe, na mwalimu amwambie mbele ya darasa kwamba alijibu sawa.